Padre akistaafu uparoko, anaacha nini na anabaki na nini?

Swali, kutoka kwa mama mmoja wa nyanda za juu kusini:

"Tumsifu Yesu Kristo. Padre wetu amekaa nasi miaka 28, na kwa jumla ana miaka 47 ya upadre. Mwezi uliopita ilisomwa barua ya Askofu kwamba amefikisha umri wa miaka 75 na sasa anang'atuka. Wazee wa kigango chetu wanasema amefukuzwa kwa adabu. Naomba nielezwe: padre anastaafu vipi wakati tunafundishwa kwamba upadre ni wa milele? Nani atamtunza, maana hana mke wala mtoto? La tatu ni langu mwenyewe. Padre huyu ndiye aliyenifungisha ndoa, akambatiza binti yangu, na binti huyo anaolewa Agosti. Anamtaka Padre huyo huyo. Paroko mpya anasema lazima iwepo ruhusa. Ruhusa gani tena kwa mtu aliyefungisha ndoa maisha yake yote? Miguu yake pia haina nguvu, anatembelea fimbo."

Jibu:

Milele Amina, mama. Maswali yako ni matatu, lakini fundo ni moja. Katika mtu mmoja mlizoea kuona mambo mawili bila kuyatenganisha: Daraja Takatifu alilolipokea siku ya upadrisho wake, na wadhifa wa uparoko aliokabidhiwa na Askofu. Kwa miaka 28 mambo hayo yalikaa pamoja ndani ya kanzu moja, kwa hiyo si ajabu kwamba yalipoachana wazee wenu waliona kama mtu amevuliwa nguo hadharani.

Neno ulilolitumia, kung'atuka, lilienezwa na Mwalimu Nyerere kutoka lugha yake ya Kizanaki, na mfano wake unatufaa hapa. Mwaka 1985 alikabidhi urais, na tangu siku hiyo hakuwa tena na kalamu ya kutia saini sheria za nchi. Lakini hakuna aliyeacha kumwita Mwalimu, kwa sababu ualimu hakupewa na Ikulu. Tofauti ni kwamba kwa padre jambo hili si la heshima ya mazoea tu. Kanuni ya 290 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba Daraja Takatifu likishapokelewa kihalali halibatiliki kamwe. Hata padre aliyeondolewa katika hali ya ukleri, yaani aliyevuliwa haki na wajibu wa kipadre, jambo ambalo ni zito na halihusiani kabisa na padre wenu, hawezi kufanywa awe kama mtu ambaye hakupata kupadrishwa. Basi padre wenu ni padre leo kama alivyokuwa padre miaka 47 iliyopita. Alichokirudisha kwa Askofu ni uparoko.

Kuhusu umri wa miaka 75, inafaa kujua kwamba sharti hili si la kale. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 haikumwekea paroko umri wa kuondoka, na wengi walizeeka na kufia katika nyumba zao za parokia huku mapadre wasaidizi wakibeba kazi ambayo jina lake lilikuwa la mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu kazi ya kichungaji ya maaskofu, uliwasihi maparoko ambao uzee au sababu nyingine nzito imewapunguzia nguvu waombe wenyewe kupumzika. Mwaka uliofuata Papa Paulo VI akautaja umri. Sheria ya sasa, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, imeliweka jambo hilo katika kanuni ya 538, kifungu cha 3, na lugha yake ni laini kuliko watu wanavyodhani: paroko aliyetimiza miaka 75 anaombwa kuwasilisha barua ya kujiuzulu, naye Askofu, baada ya kupima mazingira yote ya mtu na ya mahali, anaamua ama kuikubali ama kuiahirisha. Maana yake ni kwamba kabla ya barua ya Askofu mliyosomewa kanisani palitangulia barua nyingine ambayo hamkuisikia, nayo iliandikwa na padre wenu mwenyewe.

Kufukuzwa, au kwa lugha ya sheria kuondolewa, ni njia nyingine kabisa. Ina kanuni zake, kuanzia ya 1740, inadai sababu iliyo wazi, na inamlazimu Askofu kwanza ajadiliane na maparoko wawili waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Barua inayotaja umri haitoki katika mlango huo. Waambie wazee hivyo, tena kwa upole, kwa sababu nadhani maneno yao yanatokana na uchungu kuliko ubaya.

Kwamba umri wa miaka 75 ni mahali pa kupimia na si shoka linaloanguka, tunaliona vizuri zaidi kwa maaskofu wetu, ambao wana kanuni yao ya namna hiyo hiyo, ya 401, isipokuwa barua zao humwendea Papa. Kardinali Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1912 na kupadrishwa mwaka 1943, alitimiza miaka 75 mwaka 1987, lakini aliendelea kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam hadi 1992. Mrithi wake, Kardinali Polycarp Pengo, alizaliwa tarehe 5 Agosti 1944, na ombi lake lilikubaliwa tarehe 15 Agosti 2019, siku kumi tu baada ya kutimiza umri huo. Kardinali Maurice Otunga wa Nairobi, aliyepadrishwa mwaka 1950, aliondoka mwaka 1997 akiwa bado hajafikisha miaka 75, maana sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kutangulia ikiwa afya au sababu nyingine nzito inamdai. Watu watatu, sheria moja, na kila mmoja akatoka kwa saa yake. Nitamrudia Kardinali Otunga, kwa kuwa alichofanya baada ya hapo kinahusu swali lako la pili.

Kwanza tuangalie padre wenu anaondoka na nini na anaacha nini. Siku ya makabidhiano, ambayo waamini wengi huikosa kwa sababu hufanyika ofisini na si altareni, mezani huwekwa vitabu vya parokia: daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa, la vifo, pamoja na hesabu za fedha. Pembeni huwekwa muhuri wa parokia. Kitu hiki kidogo cha mpira na mpini wa mbao kinaeleza jambo lote kuliko hotuba. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na muhuri wake, na vyeti vinavyohusu hali ya mwamini katika Kanisa vitiwe saini na paroko au mwakilishi wake na kupigwa muhuri huo. Mkono ulioushika kwa miaka 28 unaondoka, muhuri unabaki. Kuanzia jioni ile, mwamini akihitaji cheti cha ubatizo hata kama aliyembatiza ni padre mzee mwenyewe, cheti hicho kitatoka kwa paroko mpya.

Liko na jambo jingine ambalo linakoma kimya kimya, na ambalo sidhani kama liliwahi kutajwa katika risala za kumuaga. Paroko anawajibika, kwa kanuni ya 534, kutoa Misa kwa nia ya waamini wa parokia yake kila Jumapili na kila sikukuu ya amri. Misa hiyo haipokei sadaka ya nia kutoka kwa mtu yeyote. Kwa miaka 28 hizo ni Jumapili zaidi ya 1,450 ambazo nia ya Misa ilikuwa ninyi: waliokuja na waliolala, waliotoa zaka na waliomsema vibaya kwenye pombe. Sasa wajibu huo umehamia kwa mwenzake. Kama padre wenu ataendelea kuwaombea katika Misa, na nina hakika ataendelea, atafanya hivyo kwa hiari yake.

Anachobaki nacho ni kingi. Anaadhimisha Misa kila siku akiweza. Anawapaka wagonjwa Mafuta Matakatifu, kwa sababu kila padre anaweza kuiadhimisha sakramenti hiyo kwa nguvu ya Daraja lake. Kuungamisha kunahitaji maelezo kidogo: alipokuwa paroko, mamlaka ya kuungamisha yaliambatana na wadhifa wenyewe, na wadhifa ukiisha mamlaka yaliyoambatana nao nayo huisha, kwa hiyo ni lazima awe nayo kwa barua ya Askofu, na kwa kawaida mapadre wazee hupewa bila ugumu wowote, kwa kuwa muungamishaji mwenye subira ni hazina kwa jimbo. Ila mtu akiwa katika hatari ya kufa, mlango wote unafunguliwa: padre yeyote, hata asiye na mamlaka hayo, anamwondolea dhambi kihalali. Kwa hiyo usiku wa manane mzee wa jirani akizidiwa, na padre mstaafu ndiye aliye karibu, mgongeeni mlango. Asitafutwe paroko kwanza kwa kuogopa kukosea utaratibu.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwa kweli ndilo linalonigusa zaidi. Kama padre wenu angekuwa wa shirika, tuseme Mbenediktini wa Peramiho au Ndanda, jibu lingekuwa fupi: nadhiri zake zinamfunga katika ufukara, vyote alivyofanyia kazi ni vya shirika, na shirika linamtunza hadi kaburini. Lakini kwa maelezo yako ni padre wa jimbo. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara. Anaruhusiwa kuwa na shamba, ng'ombe au akaunti ya benki, ingawa sheria inamtaka aishi kwa kiasi. Matokeo yake ni kwamba wako waliozeeka wakiwa na mahali pa kujishikiza, na wako, nao si wachache, waliomaliza miaka 47 wakiwa na sanduku la vitabu na kanzu mbili, kwa sababu kila kilichoingia kilitoka kwa karo za watoto wa watu.

Ndiyo maana sheria haikuliacha jambo hili kwa huruma ya mtu. Kanuni ile ile ya 538 inayomwomba paroko ajiuzulu inamtwika Askofu, katika sentensi inayofuata, wajibu wa kuhakikisha kwamba aliyejiuzulu ana riziki inayomstahili na mahali pa kukaa. Kanuni ya 281 inataja matunzo ya wakleri katika ugonjwa, ulemavu na uzee, na ya 1274 inataka uwepo mfuko wa kugharimia mambo hayo. Maandishi ni mazuri. Katika utekelezaji, niseme bila kuficha, majimbo hayalingani: pengine ipo nyumba ya mapadre wazee yenye muuguzi na bima ya afya, na pengine padre mzee anapewa chumba katika nyumba ya parokia, chumba kile kile cha mgeni, na anategemea ukarimu wa paroko kijana ambaye naye anahangaika na bati za kanisa. Halmashauri ya walei ina haki kabisa ya kuuliza, kwa heshima, jimbo limempangia nini padre wao. Kuuliza hivyo si kumwingilia Askofu.

Kardinali Otunga, alipoondoka Nairobi, hakujijengea nyumba. Alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista Wadogo wa Maskini, kati ya wazee wasio na mtu, na ndivyo alivyoishi hadi alipofariki mwaka 2003. Alikuwa mwana wa chifu mkubwa wa Bungoma, na Kardinali wa kwanza wa Kenya. Simtaji ili kila padre mzee apelekwe huko; namtaja kwa sababu alionyesha kwamba padre anaweza kuzeeka mbele ya macho ya watu bila kuona haya.

Kuona haya ndiko kunakowamaliza wengi. Miaka michache iliyopita nilimtembelea padre aliyenifundisha Kilatini. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na asubuhi aliadhimisha Misa katika kikanisa kidogo, ameketi, sista mmoja akiwa ubavuni pake akimsomea sala kipande kwa kipande naye akizifuata. Ilipofika Sala ya Ekaristi sista alifunga Misale, kwa sababu hiyo mzee aliijua kwa moyo, na sauti yake, iliyokuwa ikikwama tangu mwanzo, ikatoka imenyooka. Baada ya Misa alitoa daftari la shule, la mistari, lenye majina ya marehemu wa parokia zake zote, akamwomba sista amsomee ukurasa wa siku ile. Nilimuuliza kama watu wa parokia yake ya mwisho humtembelea. Akasema walikuja sana miezi mitatu ya kwanza, hata nyumba ikakosa mahali pa kuweka ndizi. Kisha mvua zikaanza. Hakusema zaidi.

Kwa hiyo ukiniuliza mfanye nini, nitakwambia msimalize ukarimu wote siku ya kuaga. Mbuzi na kochi la siku moja si vibaya, lakini mzee hahitaji kochi la pili. Jumuiya Ndogo Ndogo zenu zinaweza kupeana zamu za kumpeleka kliniki. Tena pelekeni nia za Misa kwake: padre anaweza kupokea sadaka ya nia moja kwa siku kwa matumizi yake, na kwa padre mstaafu sadaka hiyo mara nyingi ndiyo inayonunua dawa na vocha. Kwake ni zaidi ya fedha, maana anajua asubuhi ile kuna mtu alikuwa anamhitaji altareni.

Tuje kwenye ndoa ya binti yako. Hapa paroko mpya yuko sahihi kabisa, na ningemlaumu kama angenyamaza. Sakramenti nyingi padre huziadhimisha kwa nguvu ya Daraja, ingawa kwa kuungamisha tumeona anahitaji pia mamlaka. Katika ndoa ya Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini, yaani sisi, wanaoipa sakramenti ni bwana na bibi harusi wenyewe, na kazi ya padre ni kusimama kwa niaba ya Kanisa, kuwauliza hiari yao na kuipokea. Ili mtu asimame kwa niaba ya Kanisa lazima Kanisa liwe limemtuma. Kanuni ya 1108 inasema ndoa ni halali ikifungwa mbele ya Askofu wa mahali au paroko, au mbele ya padre au shemasi aliyekasimiwa, yaani aliyepewa mamlaka hayo, na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Padre wenu alipokuwa paroko hakuhitaji kukasimiwa na mtu, ndani ya mipaka ya parokia yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakasimia wengine. Leo angesimama pale bila ruhusa, miaka 47 yote isingesaidia, kwa sababu kinachokosekana si cha miaka. Katika kazi yangu nimeona ndoa ambazo uhalali wake uliingia mashakani kwa sababu hii tu: padre mpendwa wa familia alikuja kutoka mbali, kila mtu akadhani mwingine ameshashughulikia ruhusa, na hakuna aliyeshughulikia. Kanisa lina njia za kuponya hali kama hiyo, lakini ni njia ambazo hakuna mama anayependa kuzipitia baada ya harusi.

Ruhusa yenyewe ni jambo jepesi. Paroko wa mahali ndoa itakapofungiwa, na si paroko wa mahali padre anapoishi, anamkasimu padre wenu kwa jina, kwa ndoa hiyo inayotajwa. Kwa ndoa moja sheria hailazimishi maandishi, lakini mwombe aandike, na nakala ibaki katika jalada la wachumba. Lifanyike mapema, wakati wa kuandikisha wachumba, kabla ya kutangazwa kwa ndoa. Lisisubiri asubuhi ya harusi sakristia ikiwa imejaa wapiga picha. Baada ya ndoa, daftari la ndoa litaonyesha jina la padre aliyeifungisha na kwamba alifanya hivyo kwa kukasimiwa na paroko, kisha taarifa itaandikwa pia katika daftari la ubatizo, ukurasa ule ule ambao padre wenu alimwandika binti yako akiwa mtoto mchanga.

Limebaki la miguu. Kanuni ya 930 inamruhusu padre mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama kuadhimisha Misa ameketi, ila akitaka kufanya hivyo mbele ya waamini anahitaji kibali cha Askofu au makamu wake. Paroko aombe kibali hicho katika barua moja, mapema. Kama kibali kitachelewa, au kama Misa ndefu itamchosha, ibada ya ndoa inaweza kufanyika nje ya Misa, pamoja na masomo na baraka, na ndoa haipungukiwi chochote. Zungumza naye mwenyewe kwanza, faragha, umuulize analoliweza, kwa sababu mbele ya binti yako hatakubali kusema kwamba hawezi. Na mkikubaliana, mwambie mtu wa sakristia aweke kiti chenye mikono, kisicho na magurudumu, karibu na mahali watakaposimama bwana na bibi harusi, ili asikie sauti zao bila kuinama.